Zimwi Mwenye Pembe ya Sururu

Kabla ya zimwi, Hatsuda Fukiko alikuwa akichora mpira wa meza. Vijana wawili wa sekondari, kijipira cheupe, jasho jingi, na machozi ya furaha kila mwisho wa sura. Jarida la wavulana lilitoka kila wiki, na kurasa zake zilichapishwa kwa jina la Nogami Tetsu, kwani mhariri alimwambia wazi tangu mwanzo kwamba hakuna mvulana atakayenunua katuni ya mapambano iliyochorwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Nogami lilikuwa jina la kwao. Tetsu, yaani chuma, lilichaguliwa na mumewe Shunpei, dereva wa basi la jiji, wakiwa mezani. Akajichekesha mwenyewe mpaka supu ikampalia.

Mhariri huyo, Bwana Tsukuda, alikuwa mwembamba, mvutaji sigara, na hakuwa na subira. Alasiri moja mwanzoni mwa mwaka 1972 alifika nyumbani kwao Senju, akavua viatu, akaketi mbele ya chai asiiguse.

"Mwalimu," alianza. Ndivyo wachoraji wanavyoitwa, hata na mtu aliyekuja kuwafukuza kazi. "Watoto wanasinzia."

"Wanasinziaje?"

"Wanaziruka kurasa zako. Tukiwauliza, wanasema yule wa mpira wa meza ni mtu mzuri mno. Na mimi mwenyewe, nikwambie kweli, nimechoshwa na watu wazuri. Nitafutie mtu mbaya ambaye mtoto atampenda."

"Simjui mtu kama huyo."

"Kila mtu anamjua mmoja," Tsukuda alisema, akainywa chai ikiwa imeshapoa, akaondoka.

Fukiko alibaki jikoni akimenya figili juu ya gazeti kuukuu. Maganda yalipojaa aliyasukuma kando, akachukua kalamu ya risasi, akachora kwenye pambizo ya gazeti mgongo wa mwanamume. Mgongo tu, umeinama, umejaa makovu madogo ya rangi ya samawati ambayo vumbi la makaa huyaacha chini ya ngozi. Hakuwa amepanga kuchora mgongo huo. Alikuwa hajauona tangu utotoni.

Alizaliwa katika mji wa makaa ya mawe kando ya Mto Onga, Kyushu, ambako vilima vya mawe taka vilikuwa virefu kuliko paa la hekalu, na nguo nyeupe zilizoanikwa asubuhi zilianuliwa jioni zikiwa za kijivu. Baba yake alichimba. Mama yake, Ine, alisimama na wanawake wenzake kwenye mkanda unaotembea, akichambua makaa na kutupa mawe. Fukiko alipokuwa na miaka tisa gesi ililipuka chini na moto ukashika. Wakubwa wa mgodi waliamua kuuziba mdomo wa shimo kwa matofali na udongo ili moto ukose hewa. Wachimbaji waliokuwa bado chini, baba yake akiwemo, wakazibwa humo humo. Ilisemwa kwamba walikuwa wamekwisha kufa. Shimo lilipofunguliwa, baridi ilikuwa imepita na miti imeshatoa maua.

Watoto wa nyumba za mgodi walikuwa na mchezo wao baada ya hapo. Mmoja alijifungia kabatini akagonga, wengine wakakisia ni baba wa nani. Fukiko hakuitwa kucheza, na watoto walinyamaza kila alipopita.

Sasa, juu ya gazeti lenye unyevu wa figili, aliugeuza ule mgongo ukawa na uso. Kwenye paji la uso ilichomoza sururu, nusu yake ndani ya fuvu, nusu nje, kama pembe. Macho mawili meupe kwenye masizi. Akamwita Susumaru, jina la kitoto lenye masizi ndani yake.

Hadithi aliyoijenga juu yake ilikuwa hivi. Susumaru alikuwa mchimbaji aliyezibwa shimoni akiwa hai. Kitu cha kale kilichoishi ndani ya makaa kilimpa nguvu za kutoka, na hutoka kupitia visima na mitaro ya maji machafu. Huwaendea mmoja mmoja wale waliokubali azibwe. Hawezi kuvunja mlango. Hubisha hodi akasubiri, na kila mara mwenye hatia mwenyewe humfungulia. Kisha humburuta mpaka gizani. Lakini kila akimchukua mtu, kitu kimoja cha ubinadamu kinamtoka: ladha ya wali, wimbo wa kazini, jina la mtoto wake. Anajua kwamba atakapommaliza wa mwisho hatakuwa na chochote cha kumrudisha kwao. Na bado anabisha hodi.

Tsukuda aliposoma kurasa za kwanza sigara ilimwungulia vidoleni.

"Umemtoa wapi huyu?"

"Jikoni."

"Basi usitoke jikoni."

Kabla ya majira ya mvua Susumaru alikuwa kila mahali. Wavulana walijipaka masizi usoni wakafukuzwa kwenye hamamu ya mtaa kwa kuchafua maji. Madarasani waligonga madawati mwalimu akigeuka ubaoni. Shunpei alirudi kutoka kazini akisimulia kwamba mtoto mmoja amekataa kupanda basi mpaka dereva aseme "karibu". Tsukuda alileta samaki mkunga wa kuchoma kwenye kisanduku kizuri, na safari hii alikunywa chai ikiwa moto.

Fukiko alifurahi, na furaha yenyewe ilimtia hofu. Mama yake, Ine, aliyekuwa akiishi nao katika chumba cha nyuma, aliambiwa kwamba binti yake anachora matangazo ya sabuni. Fukiko alimficha kila toleo. Hata Ayano, binti yake wa darasa la nne, alionywa asiseme, si shuleni, si kwa bibi. Ayano alikuwa mtoto wa kutunza neno. Alisikia darasa zima likibishana kama Susumaru anaweza kuogelea, naye akijua jibu akanyamaza.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya mtoto wa watu. Wakebe Chinatsu, aliyeketi dawati la mbele ya Ayano, aliingia kwenye mtaro wa maji nyuma ya kiwanda cha ngozi, akatambaa mpaka ulipobana, akakwama. Waliomtafuta walimpata kwa kilio chake. Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Alipoulizwa alifuata nini humo, alijibu kwamba Susumaru hana wa kumfungulia upande ule, naye alitaka kumwambia karibu.

Kamati ya wazazi iliitisha mkutano. Akina mama walijaa darasani, wakakalia viti vya watoto huku magoti yamewafika kifuani. Mwalimu mkuu alisimama pembeni akijifuta jasho. Mbele alisimama mama yake Chinatsu, mwanamke mnyamavu mwenye duka la nyuzi, ambaye siku hiyo sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Sijui huyu Nogami Tetsu ni mtu wa namna gani," alisema. "Nadhani hana mtoto. Nadhani hajawahi kumwogesha mtoto wala kumkata kucha. Mtu aliye na mtoto hawezi kukaa chini akachora uchafu huu kila wiki, akalipwa, akalala usingizi."

"Ni mlevi, mimi nakwambia!" mama mmoja alidakia.

"Mlevi au mwendawazimu. Wachoraji wote ndivyo walivyo."

"Mwanangu halali bila taa siku hizi. Eti zimwi akija, mama usimfungulie. Nimfungulie kwa lipi, mimi nimemkosea nini?"

Wachache walicheka, wakanyamaza walipomwona Mama Chinatsu. Pendekezo likatolewa: majarida yote yakusanywe majumbani, yachomwe kwenye tanuri la takataka la shule, watoto wakiangalia. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono ikanyooka. Fukiko, aliyekuwa ameketi mstari wa nyuma karibu na ndoo za usafi, alijikuta anaitazama ile mikono, mmoja una kitambaa cha kufungia jeraha, mwingine bado una unga. Wa kwake ulikuwa mapajani. Jirani yake akampiga kikumbo.

"Mama Ayano, nyoosha basi, umelala?"

Fukiko akasimama. "Nogami Tetsu ni mimi," akasema.

"Mama Ayano, huu si wakati wa utani."

Fukiko alipita katikati ya viti vile vidogo, akachukua chaki, na ubaoni, juu ya hesabu za asubuhi ambazo hazikufutwa vizuri, akachora mistari michache: bega, taya, sururu, macho mawili matupu. Hakuna mtoto wala mzazi mtaani ambaye asingemtambua. Kiti kiliburutwa. Mtu alisema, "Mama yangu wee."

Mama Chinatsu alisogea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Wewe una mtoto," alisema polepole. "Unamleta hapa kila asubuhi. Nimekuuzia uzi wa kushonea begi lake."

"Ndiyo."

"Na ukachora hiki?"

"Ndiyo."

Fukiko akapiga magoti sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa mbao. "Kwa mkono wa Chinatsu naomba radhi. Ningeweza kuuvunja wangu ningeuvunja. Lakini huyu," na alielekeza ubaoni bila kuinua kichwa, "siwezi kumwombea radhi. Nikimwombea radhi nitasema uongo."

"Nani amekuuliza habari zake?" Mama Chinatsu alisema, akaanza kulia. Wenzake walimshika wakamtoa nje. Fukiko alibaki amepiga magoti mpaka mwalimu mkuu alipomwambia kwa upole kwamba watu wote wameshaondoka.

Majarida yalichomwa. Moshi ulionekana kutoka kituo cha treni, na gazeti la mtaa likaandika kwamba zimwi wa wavulana amezaliwa na mama wa nyumbani. Tsukuda alipiga simu akiwa na furaha asiyoweza kuificha, kwani toleo la wiki hiyo lilikuwa limekwisha madukani. Ayano ndiye aliyelipa. Walioketi naye wakati wa chakula walihamisha madawati yao. Siku moja alikuta kabati lake la viatu limejazwa kurasa zilizochanwa. Hakulia. Alizikunja moja moja akaja nazo nyumbani. Mama yake alikuwa ametoka, basi akampelekea bibi.

Fukiko aliporudi na kapu la mboga alimkuta Ine ameketi sakafuni, miwani puani, kurasa zimepangwa mbele yake kwa utaratibu, kidole kikitembea kisanduku kwa kisanduku. Maandishi ya katuni za watoto huwa na herufi rahisi pembeni, na hata yeye aliyeacha shule akiwa mdogo aliweza kuyasoma. Ayano aliketi kando yake akimwonyesha mfuatano.

"Kwa hiyo hii ndiyo sabuni," Ine alisema.

Fukiko alitua kapu. "Mama, nisamehe. Sikukusudia kumfanya baba zimwi."

Ine hakuinua macho. "Baba yako? Baba yako alikuwa mtu wa kicheko. Akikanyagwa mguu, anaomba radhi yeye. Huyu siye baba yako." Aliivuta karibu karatasi moja, ile ambayo Susumaru anasubiri mlangoni, kichwa kimeinama, pembe imegusa mbao. "Hasira hii siyo yake. Huyu ni mimi."

"Ayano, nenda ukanunue tofu," Fukiko alisema.

"Mwache akae. Ameshasoma mabaya kuliko haya." Ine alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kimono. "Moto ulipokataa kuzimika, meneja alituita wake wote kwenye ukumbi wa sinema wa mgodi. Akasema, chini hakuna aliye hai. Akasema, mkiacha hewa iingie moto utaula mgodi mzima, na mgodi ukifa, hawa watoto mtawalisha mawe? Akasema, wanaokubali tuuzibe, wanyooshe mikono. Wewe ulikuwa umelala mapajani pangu. Nikanyoosha."

Nje muuza tofu alipuliza tarumbeta yake akapita. Hakuna aliyenyanyuka.

"Kesho yake nilikwenda kwenye bomba la hewa," Ine aliendelea. "Nikaweka sikio. Nikasikia mtu anagonga. Si kwa nguvu. Kama mtu anayejua kwamba wenye nyumba wamelala. Nikajiambia ni chuma kinapoa, chuma kikipoa hulia. Nikarudi nyumbani, nikakupikia uji. Sijamwambia mtu."

Fukiko alitaka kumkumbatia mama yake na pia alitaka kumpiga kelele. Hakufanya hili wala lile. Aliingia jikoni, akaosha mchele, akauosha tena, maji yakawa meupe na kisha yakawa safi, na bado akaosha. Kwa siku kadhaa waliishi kama wapangaji, wakipishana ukumbini kwa "samahani" na "tafadhali". Shunpei alijaribu mzaha kuhusu abiria aliyepanda na bata, akaona umeanguka, akanyamaza. Ayano peke yake ndiye aliyeendelea kuingia chumba cha nyuma, na sauti zao zilisikika zikisoma.

Hatimaye Fukiko mwenyewe alifungua mlango wa karatasi wa chumba hicho, akaketi.

"Mama. Akija kwako, akibisha hodi, ungefanya nini?"

Ine alikuwa anashona soksi. Hakuuliza ni nani. "Ningefungua."

"Halafu?"

"Ningemwambia akaoge. Ataingiaje ndani na masizi yale? Kila siku nilimwambia hivyo. Maji yapo tayari, kaoge kwanza, maneno baadaye. Nikamsugua mgongo. Mwenyewe haufikii." Akakata uzi kwa meno. "Baada ya hapo anifanye anavyotaka."

Sura ya mwisho ilimchukua Fukiko muda mrefu kuliko zote. Ndani yake Susumaru anafika kwenye mlango wa mwisho, wa bibi kizee anayeishi peke yake chini ya kilima cha mawe taka. Amekwisha kusahau kila kitu, hata kwa nini amekuja. Bibi anafungua. Anasema, "Nilinyoosha mkono." Zimwi anainua makucha. Bibi anasema, "Kwanza kaoge." Kisha zinafuata kurasa zisizo na neno: pipa la kuogea, mvuke, mgongo ulioinama wenye makovu ya samawati, kitambaa, maji meusi yakienda sakafuni mpaka nje, mpaka kwenye mtaro, maji meusi bila kukoma. Sururu haitoki. Bibi anaisugua pia, kama mtu anavyosugua sikio la mtoto. Mwisho.

Tsukuda alizipitia kurasa akiwa amesimama. Akazigeuza kuona kama kuna nyingine nyuma.

"Kisha? Anamla?"

"Sijui."

"Hujui! Wewe ndiye mchoraji!"

"Nimechora mpaka nilipoona, Bwana Tsukuda."

"Mwalimu, sikiliza. Wavulana nchi nzima wamesubiri mlango huu. Wanataka damu. Mimi mwenyewe nataka damu! Unawapa zimwi anayeogeshwa?"

"Ukitaka damu, tafuta mtu mwingine aichore. Utamweleza afanyeje sururu, sisi hatutakuwepo."

"Nyinyi na nani?"

Fukiko aliutazama mlango wa karatasi wa chumba cha nyuma. Tsukuda alivuta sigara nzima mlangoni huku amevaa kiatu kimoja. Kisha alizichukua kurasa, na zilichapishwa bila kubadilishwa mstari hata mmoja. Alivyowashinda wakubwa wake hakueleza kamwe.

Wavulana walikasirika, na hasira yao ikafika ofisini kwa mafurushi. Wametapeliwa. Nogami Tetsu amewaogopa akina mama. Nogami Tetsu kumbe kweli ni mwanamke. Nafasi yake jaridani ilipewa hadithi ya mbio za magari, na simu nyumbani Senju ikanyamaza. Mama Chinatsu hakuwahi kusema naye tena. Fukiko akiingia dukani kwake, alimkatia uzi, akaufunga, akageuka.

Wakati wa siku za kuwakumbuka wafu, mwezi wa nane, Ine alisema anataka kwenda kwao. Tangu wahame hakuwahi kuutamka mji ule. Walipanda treni wote wanne, Shunpei akijisifu kwamba leo anaendeshwa yeye. Mgodi ulikuwa umefungwa zamani. Vilima vya mawe taka vilikuwa vimeota majani, na mkanda wa kuchambulia ulikuwa umeuzwa kama chuma chakavu. Baada ya kumwagia maji jiwe la kumbukumbu, wajane waliobaki walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, Tomeko, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kuku, juu ya mikeka, kwa chai na vibonge vya wali vyenye maharagwe matamu.

Fukiko alidhani huko hawamjui Susumaru. Lakini kinyozi wa mji huwawekea wateja majarida, na Tomeko alikuwa na nakala ya sura ya mwisho, imelainika kwa kupita mikononi.

"Wewe ndiye mtoto wa Nogami uliyechora hii?" Tomeko aliuliza. "Nikwambie ukweli?"

"Niambie, shangazi."

"Mimi nisingemfungulia. Ningemwacha palepale mlangoni."

"Weee, Tomeko!" mjane mwingine, aliyekuwa hana meno ya mbele, aliruka. "Umwache nje mume wako yule?"

"Mume gani mwenye pembe? Aliponioa hakuwa na pembe. Na bado alinitesa, sembuse zimwi."

Wakacheka, wakiziba midomo kwa viganja. "Mimi ningefungua," asiye na meno alisema. "Lakini kumsugua? Akajisugue. Nimesugua wanaume wa kutosha."

"Umewasugua wangapi, wewe?"

"Nyamaza, kuna mtoto."

Walibishana hivyo, vibonge vikipungua sahanini, kama wanaobishana juu ya jirani wa mtaa wa pili. Fukiko aliwasikiliza, akatambua kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza kama zimwi ni mbaya au mzuri. Walichobishania ni nini cha kufanya akiwa mlangoni.

Ine akaweka kikombe chini.

"Nilimsikia," alisema. "Kesho yake, kwenye bomba. Alikuwa anagonga."

Kicheko kilikatika. Feni iligeuka upande wa madhabahu ya wafu wa nyumba, ikarudi. Mwanamke asiye na meno aliangalia mikono yake. Tomeko ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ya kuita kuku tena.

"Na mimi nilikwenda. Mapema, kabla yako. Nilikuona ukija nikajificha nyuma ya mabehewa."

"Mimi nilikwenda jioni," mwingine alisema.

"Sote tulikwenda," alisema asiye na meno. "Sote tulisikia, Ine. Ulidhani ni peke yako?"

Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Walikaa tu, wazee wanane au tisa, kila mmoja ameangalia mahali pake kwenye mkeka. Ine alilia bila sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka na bado hajapata pumzi. Ayano alimwekea bibi yake mkono mgongoni akauacha hapo. Baada ya muda mrefu Tomeko alinyanyuka kwa shida, akaenda kuchemsha maji mengine ya chai.

Ine aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na kila mwezi wa nane alikwenda. Susumaru naye aliendelea na maisha yake bila kumwomba ruhusa aliyemchora. Wavulana waliokasirika walikua, wakaanza kuandika magazetini kwamba ile sura ya bafuni hawajaisahau. Wengine bado waliichukia, na waliichukia kwa makala ndefu. Fukiko aliwasoma wote kwa uangalifu uleule.

Yeye hakupata tena mafanikio ya aina ile. Alichora kalenda za chama cha wakulima na vitabu vya mapishi, na kati ya kazi hizo, kidogo kidogo, alichora hadithi ndefu ya wanawake waliosimama kwenye mkanda wakichambua makaa. Aliitia sahihi kwa jina lake mwenyewe. Ilipotoka kama kitabu, Tsukuda, aliyekuwa amestaafu na kuacha sigara, alikuja Senju kuuliza kama kuna zimwi ndani yake.

"Hakuna," Fukiko alimwambia. "Kuna wanawake tu."

"Basi kitauzwa kwa shida," alisema Tsukuda, akafungua pochi, akaulizia kinauzwa duka gani.